Siku moja Yangambi: mabomoko, na makaratasi yaliyobaki

Mwanzo wanamemba wetu walitaka maji ya moto. Kila mara kamati ya sendika inapouliza wapi tupeleke familia siku ya kupumzika, jibu ni lile lile: tupelekeni kwenye chemchemi ya moto, migongo inauma. Na tunawaelewa. Mtu aliyepitisha miaka 15 akiinama ndani ya shimo, miguu ndani ya maji ya baridi, akitikisa chekecheke mpaka jua linashuka, huyo akisikia kwamba kuko mahali maji yenyewe yanatoka chini ya udongo yakiwa ya moto, ataulizia tu nauli.

Lakini chemchemi zinazojulikana katika inchi yetu ziko mbali na Kisangani. Kuko Mai ya Moto ya Rutshuru, ndani ya mbuga ya Virunga, na kule leo ni vita. Hakuna mzazi wa akili atapeleka mtoto. Kuko pia Kiabukwa katika Katanga. Hii tuiseme kidogo, juu inahusu wachimbaji. Miaka ya 1950 walijenga pale santrali ndogo ya umeme iliyotumia joto la maji ya chini, ya kilowati karibu 200 tu, na umeme wake ulienda kwa kazi ya madini. Ilikuwa ya kwanza ya namna ile katika Afrika nzima. Leo haifanyi kazi tena. Na wale wanaoota kuoga pale wajue kwamba maji ya Kiabukwa yanatoka na joto la digri karibu 90. Maji hayo hayaponyeshi mgongo, yanachubua ngozi.

Basi tukachagua mabomoko ya karibu, mabomoko ya Yangambi, kama kilometa 100 kutoka Kisangani ukishuka na mto Kongo. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja, kama anakubali kuamuka mapema.

Tuseme pia kwamba hatukukubaliana kwa urahisi. Katika mkutano, mama mmoja mjane wa mchimbaji alisimama akasema mbele ya wote: "Kasa ni ya masanduku, haiko ya kutembea. Bwana yangu alizikwa na mali ya majirani, na leo munataka kwenda kuangalia nyumba zenye kubomoka?" Watu wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Mwisho tulikata hivi: kila mwanaume atajilipia, na kasa italipa tu nafasi za wajane na watoto wawili wa kila mjane. Mama yule alikuja. Na yeye ndiye, kuliko sisi wote, aliyeona kitu cha maana kule. Tutafika hapo.

Tuliondoka bichi saa kumi na moja na nusu asubuhi, watu 22 ndani ya kanoti mbili zenye motere. Kila mtu alivaa jilé, hata wavuvi wawili waliotucheka. Ndugu zetu wamekufa sana ndani ya mto huu, ndani ya baleniere zilizojazwa watu na magunia na kusafiri usiku bila taa. Sendika haiwezi kupigania usalama ndani ya shimo halafu ikaucheza juu ya maji. Ukishuka, upande wa kuume unapita kinywa cha Lindi, halafu Yakusu, misioni ya zamani ya Wabaptisti wa Uingereza. Kule, miaka ya 1920, daktari Chesterman alipigana na ugonjwa wa usingizi akifundisha wauguzi weusi kwenda kijiji kwa kijiji na sindano. Hatukusimama. Watoto walikuwa wamelala, na ukungu ulikuwa bado juu ya maji.

Tulifika mbele ya saa tatu. Lazima kupeleka barua mapema kwa wakubwa wa pale, kuandikisha majina, na kupata mtu wa kuongoza. Sisi tulipewa mzee mmoja aliyefanya kazi pale tangu ujana wake. Tutamwita Papa tu, kama tulivyomwita siku hiyo.

Yangambi, kwa mtu anayeiona mara ya kwanza, ni kitu cha kushangaza. Unatoka ndani ya pori, na mbele yako ni mji. Barabara pana za udongo zenye miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari. Nyumba za matofari mekundu, kubwa, zenye baraza na ngazi za sima. Nyingine zinaikaliwa na zinafagiwa kila asubuhi. Nyingine paa limeingia ndani, na mti wa parasolié umesimama mahali pa saluni. Mtoto wa miaka tisa alimuuliza baba yake: "Papa, nyumba kubwa hivi, mwenyewe alienda wapi?"

Mwenyewe alikuwa INEAC, shirika la Wabelgiji la kusoma kilimo cha Kongo. Dekrete ya kuliunda ilitoka tarehe 22 mwezi wa 12 mwaka 1933, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Wakati wake ilikuwa kati ya vituo vikubwa kabisa vya utafiti wa kilimo cha inchi za joto duniani: maabara, hospitali, masomo, kambi za wafanyakazi. Kisha uhuru, kisha waasi wa 1964, kisha Zaire. INEAC ikawa INERA. Mwaka 1976 UNESCO iliandika msitu wa Yangambi kati ya hifadhi zake. Chuo cha kilimo, IFA, kilifunguliwa pale, halafu vita vikakihamisha Kisangani. Kila mkubwa mpya alikuta nyumba nyingi kuliko mali ya kuzitengeneza.

Wachimbaji wanajua hadithi hii bila kufundishwa. Ni hadithi ya kila kambi ya mines. Kampuni inakuja, inajenga hospitali, masomo, kiwanja cha mpira. Siku inaondoka, watu wanabaki na matofari. Mmoja wetu aliyezaliwa kambi ya madini katika Maniema alizunguka nyumba moja mara mbili, akasema tu: "Hii ni kwetu kabisa, hata dirisha."

Papa alitupeleka kwanza kwenye ngazi. Aliokota matunda matatu, akayakata na machete juu ya jiwe. Moja, dura, lina mfupa mnene ndani na mafuta kidogo. Lingine, pisifera, halina mfupa, lakini mti wake mara nyingi hauzai vizuri. La tatu, tenera, lina mfupa mwembamba na nyama nyingi ya kutoa mafuta. Watu walidhani ni aina tatu za ngazi, kila moja na kabila lake. Mwaka 1941, pale pale Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa wale wawili: ukichanganya dura na pisifera, unapata tenera. Ni jambo la kusema kwa mstari mmoja tu, lakini mashamba makubwa ya ngazi ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya mstari huo. Kongo ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa mafuta ya mawese duniani. Leo akina mama wetu Kisangani wanajua bei ya bidoni.

Kuko pia ndizi. Yangambi Km5 ni jina la ndizi inayojulikana na wataalamu wa inchi nyingi, juu ugonjwa wa majani meusi hauikamati kwa urahisi. Jina la kilometa ya tano ya Yangambi limetembea kuliko wengi wetu. Tuliuliza Papa majina ya watu waliopanda juu ya ngazi kufunga maua na mifuko, ili mbegu zisichanganyike ovyo. Ile ndiyo kazi yenyewe, na ni kazi ya hatari: ngazi ni ndefu, ina miiba, na nyoka wanaipenda. Papa alicheka. "Majina ya mabwana yako ndani ya buku. Yetu yalikuwa ndani ya buku ya mishahara tu."

Halafu tuliingia kwenye herbarium. Hapa tunaomba msomaji akae kidogo na sisi.

Ni nyumba yenye makabati, na ndani ya makabati kuko majani. Majani makavu, matawi, maua, yaliyobandikwa juu ya karatasi ngumu. Inasemwa ni vipande karibu 150,000, na kwamba hakuna mkusanyo mkubwa kuliko huu katika Afrika ya Kati. Kila karatasi ina tiketi ndogo kwenye pembe: jina la mmea, mahali ulipokatwa, tarehe, na jina la aliyeukata. Ni hayo tu, mistari minne. Papa alifungua moja ya mbele ya uhuru. Jani limekuwa rangi ya tumbako, lakini wino unasomeka kabisa.

Mama yule mjane aliuliza: "Hizi karatasi, wakati wa vita, nani alizichunga?"

Papa akajibu kwamba ni watu wa kazi, wa hapa hapa. Mishahara ya Leta kila mtu anaijua, hakuna haja ya kuieleza. Waliendelea kufungua milango asubuhi, kufukuza mchwa na panya, kuangalia kama mvua inaingia, kufunga jioni. Waliopita na silaha walitafuta motere, mabati, mafuta, magodoro. Majani makavu hayauzwi. Ndiyo maana yamebaki.

Na si majani tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1930, kwa muda wa miaka karibu 20, kulikuwa na kazi moja Yangambi ambayo mchimbaji angeiona kuwa ya bure kabisa: kutembea ndani ya msitu juma kwa juma, kuangalia miti karibu 2,000, mmoja mmoja, na kuandika ndani ya buku. Huu umetoa maua. Huu umeangusha majani. Huu umezaa. Juma lingine, tena. Wazungu wakaondoka, buku zikabaki zimelala. Miaka hii ya sasa wataalamu wamezipiga foto, na watu wengi wa kujitolea, wa inchi mbalimbali, wamesaidia kuziingiza kwenye ordinateri. Leo wanaotaka kujua kama msitu wetu unabadilika juu ya joto la dunia, wanaanza na buku zile. Ndani ya msitu kuko sasa mnara wa chuma wa metre 55, uliosimamishwa mwaka 2020, unaopima pumzi ya miti, yaani hewa ya kaboni inayoingia na kutoka. Ni chombo cha bei kali sana. Lakini chombo hicho kinajua mambo ya tangu 2020 tu. Ya 1940 yako ndani ya buku.

Hapo ndipo mama alisema maneno yaliyotufanya tuandike makala hii: "Basi mti wa Yangambi uko na buku, na bwana yangu hana."

Alisema kweli. Bwana yake alifunikwa na udongo ndani ya shimo, msimu wa mvua. Walikuwa watu sita chini. Watatu walitoka. Siku ya kuuliza nani alikuwa zamu ile, kila mtu alikuwa na hesabu yake. Mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, alisema hakumjua. Wenzake walimjua kwa jina la kupanga tu, na kwa jina lile huwezi kupata hata karatasi ya kifo kwenye komini.

Sisi wa Kisangani tungepaswa kuwa wa kwanza kujua bei ya karatasi. Mwezi wa 6 mwaka 2000, siku sita, Rwanda na Uganda walipigana katikati ya mji wetu, na almasi yetu haikuwa mbali na sababu. Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, ikaomba zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 mahakama ilisema Uganda ilipe milioni 325: milioni 225 juu ya watu, 40 juu ya mali, na 60 juu ya utajiri wa udongo na msitu uliochukuliwa. Milioni 60 kwa dhahabu, almasi, koltani, mbao na vyote. Mtu anaweza kukasirikia majaji, na sisi tulikasirika. Lakini soma walichosema: ushahidi haukutosha. Nani alikufa, wapi, siku gani, nini kilichukuliwa, kilo ngapi. Walikata kwa jumla juu hesabu ya mmoja mmoja haikuwapo. Na leo, mbele ya FRIVAO, shirika lililowekwa Kisangani kugawa malipo ya wahanga, familia zinatafuta ndani ya masanduku karatasi ambayo hawakupewa siku ile.

Tulijadiliana haya wakati wa kula, chini ya miti, juu ya lituma na samaki ya liboke tuliyobeba. Na mabishano hayakuwa madogo. Wakrezere wawili vijana walisema wazi: orodha ni kodi. "Ukiandika jina yangu, kesho kuko mtu wa Leta na reçu mukononi, kesho kutwa kuko mwenye bunduki." Hawakosei. Kodi ya madini inasema mchimbaji wa mkono lazima awe na karte, na tangu ilipogeuzwa mwaka 2018, lazima awe ndani ya kooperative. Wengi wetu hawana karte. Mwenye hana karte, jina lake juu ya karatasi ni kama kujishitaki mwenyewe. Wakati wa vita, orodha zilitumiwa vibaya, na wazee hawajasahau.

Kwa maoni yetu, hofu hii ni ya haki, lakini haitoshi kubaki bila buku. Swali ni nani anachunga buku, na ndani yake kuna nini. Ya Yangambi ilikuwa na mistari minne tu. Haikuuliza mti kama umelipa.

Mchana tuliona bado mambo mengine: mahali wanapima mvua, ambayo kule inafika karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na mashamba ya kahawa ya robusta yanayofufuliwa pole pole. Watoto walipenda kipimo cha mvua kuliko vyote. Hatuwezi kueleza kwa nini. Walitaka kumimina maji yao ya kunywa ndani, na Papa akawafukuza.

Tuliondoka saa saba na nusu, juu kupanda mto kunachukua saa nyingi kuliko kushuka, na mpango ulikuwa kufika kabla ya giza. Motere moja ilisumbua karibu na Yanonge, nusu saa, mshumaa wa motere ulikuwa mchafu. Kisangani tulifika jua likiwa bado kidogo juu ya maji. Kwa wale wanaotaka kwenda: bebeni maji ya kunywa, kofia, viatu vya kufunga, na kitu cha kumlipa kiongozi bila kubishana. Usipande ndani ya nyumba ambazo paa limeinama. Usiguse makabati. Usiahidi watoto maji ya moto.

Mabuku mawili ya kurasa 200 tuliyanunua juma lile lile sokoni. Tumeanza na mashimo matatu ya upande wa Banalia. Tunaandika jina la kweli, jina la baba na kijiji, siku na saa ya kushuka, saa ya kutoka. Hatuandiki grama, hatuandiki karati, hatuandiki namba ya karte. Buku moja inalala kwa katibu wa timu, ya pili, kopi yake, inalala kwa mama mjane, ambaye anasoma kila jina kwa sauti siku ya Mungu, na mtu aliye pale anajibu "niko". PDG wawili wamekubali. Wa tatu amesema tumpelekee kwanza barua yenye kashe. Barua imeandikwa, kashe tumetia, na tunarudi kwake siku ya tano.